Ngisi Aliyeitwa Owino

Mzee Ojwang' alizikwa kwao Usenge, kando ya ziwa, mwezi uliopita, na mimi nilienda. Wanaonijua watasimama hapo hapo kwenye neno "nilienda" na kuomba ushahidi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kibanda cha kutengeneza redio na spika pale Mamboleo, pembeni mwa mji, na kibanda chenyewe ni dirisha la chumba ninacholala. Mteja ananyoosha mkono kuingia, mimi nanyoosha mkono kutoka, na kwa mtindo huo nimeishi miaka mingi bila kuchakaza viatu. Mke niliyekuwa naye aliondoka kwa amani, akasema amechoka kuolewa na kabati. Lakini Mzee Ojwang' ndiye aliyenipa kazi ya kwanza na chumba cha kwanza nilipomaliza sekondari, na mtu kama huyo usipoenda kumzika, hata kabati litakuona huna adabu.

Nilifika jua likiwa limeshapanda, omena, wale dagaa wa ziwani, wametandazwa kwenye nyavu kuukuu kando ya njia, na wanunuzi wakibishana juu ya magunia kana kwamba hakuna aliyekufa. Uani kwa marehemu kulikuwa na mahema na viti vya plastiki. Nilijitafutia nafasi nyuma ya watu warefu, mahali ambapo mtu anaweza kuomboleza bila kuulizwa maswali. Ndipo mama mmoja akapita na beseni la wali kichwani, akanipita, akasimama, akarudi nyuma kama gari. Nywele zake zilikuwa na mvi mbele tu, kama alizipaka makusudi.

"Owino," akasema. "Umetoka."

Hakusema umekuja, wala umefika. Umetoka. Wanawake waliomfuata na masufuria wakacheka kwa kuwa yeye alicheka. Nikamwambia, "Mos, Akoth," kwa namna tunavyopeana pole kwetu. Akasema pole amepokea, lakini hapa yeye ni Mama Achieng', na nisimharibie heshima mbele ya wakwe. Kisha akaenda na wali wake. Mimi nikabaki nimekaa, na kukaa, kama nitakavyoeleza, ndiko kulikoniharibia maisha.

Maana kuna mwaka mmoja ambao mama huyu alikaa kando yangu kila Jumamosi na Jumapili, bega kwa bega kwenye benchi moja, maikrofoni moja kati yetu, na nikampoteza hapo hapo. Wenzangu hupoteza watu kwa safari, kwa ulevi, kwa maneno ya mama mkwe. Mimi nilimpoteza bila kuinuka.

Ukumbi wa video wa Mzee Ojwang' ulikuwa Mamboleo, nyuma ya wauza mbao, karibu na makutano ya barabara ambapo malori hupunguza mwendo na wachuuzi huyakimbilia. Kuta mabati, paa mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Mabenchi yalikuwa mbao zilizolazwa juu ya mawe, na ukikaa mwisho wa ubao ulipaswa kumwarifu mwenzako kabla hujainuka, la sivyo yeye ndiye aliyeshuka. Televisheni ilikaa juu ya friji iliyokufa zamani. Kulikuwa na harufu ya petroli ya jenereta, mandazi, na watu waliotoka kupakua vitunguu. Chumba changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa kuinua pazia. Akoth alipenda kusema kwamba siku nitakayokufa watanizika chini ya kitanda, ili nisipate taabu ya kuhama.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Katika kumbi zile hakuna aliyekuja kusikiliza Kiingereza cha puani. Sauti ya filamu ilipunguzwa, mtafsiri akakaa kando ya televisheni na maikrofoni, akazungumza juu ya picha: majambazi wakawa watu wa mtaa wa Kondele, polisi wakawa wa Kenya, na adui mkubwa akapewa sauti ya chifu. Nilipata kazi hiyo kwa sababu Kiingereza nilikifaulu kwa kiasi na bunduki niliziiga vizuri. Nilichoshindwa ni wanawake. Siku moja mjane kwenye filamu alilia kwa sauti yangu, na watu wakacheka mpaka kilio kikakosa maana. Akoth alikuwa mlangoni akiuza chai kwa birika kubwa la mama yake mdogo, yaani dada ya mama yake, aliyekuwa akimlea na kuuza omena pale sokoni. Alilia kilio cha yule mjane kutoka mlangoni, birika mkononi, na ukumbi wote ukanyamaza. Mzee Ojwang' akamwita mbele pale pale. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili, tumeelekea televisheni, tumewapa watu migongo. Nawaomba mlishike hilo la migongo. Kwa mwaka mzima niliwasikia watu wale bila kuwaona, na yeye niliyekaa naye pia sikumwona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye picha.

Filamu iliyoniletea haya yote ilitoka Milimani. Familia moja ya kule kwenye nyua kubwa ilikuwa inahama, inauza vitu, na Mzee Ojwang' akarudi na katoni ya diski. Nyingi zilikuwa za ngumi. Moja ilikuwa na picha ya bahari nyeusi na kitu cheupe katikati kama tone la uji. Mzee alifikiri kama mfanyabiashara: watu wetu ni watu wa ziwa, watu wa ziwa wanapenda samaki, basi. Akaandika ubaoni kwa chaki, SAMAKI HATARI, akaniambia nijiandae. Nilijiandaa siku kadhaa nikiwa nimelala kitandani, televisheni nimeivuta karibu, nikirudia kila sentensi ya yule Mzungu mpole wa kwenye filamu hadi niielewe. Ilihusu wanyama wa vilindini, huko ambako jua halifiki, na sehemu kubwa ilimhusu ngisi mmoja wa kioo. Neno ngisi nililipata kwenye kamusi ya shule. Sikuwahi kulisikia likitumiwa na mtu aliye hai.

"Huyu mnamwona hapa," nikasema Jumamosi ile ya kwanza, "anaitwa ngisi wa kioo."

"Umesema ngiri?" akauliza Njoroge, mwuza vitunguu aliyekuja kwetu kutoka upande wa kati ya nchi. Alikaa benchi la mbele kila wiki na kuhoji filamu kama hakimu.

"Ngisi, Mzee. Wa baharini."

"Ako na mifupa?"

"Hana."

"Basi huyo si samaki."

"Sijasema ni samaki."

"Sasa huyu Ojwang' ameandika nini pale nje?" Watu wakacheka. "Na hiyo kioo ni ya kujiangalia ama ya dirisha?"

"Ya dirisha," nikasema. "Unamwona mpaka upande ule mwingine."

Nikaendelea. Niliwaeleza kwamba mwili wake ni mfuko wa duara, haupiti kiganja kwa ukubwa, na ngozi imejaa vichunjua vidogo vigumu, ukimgusa anakwaruza kama ulimi wa paka. Kwamba haogelei kwa bidii. Ndani amejaza maji yenye amonia, mepesi kuliko maji ya bahari, ndiyo maana anaelea tu bila kazi. Nikasema amonia ile ni jamaa ya ile inayonuka chooni, na hapo nikapoteza ukumbi kwa muda. Nikawaambia kwamba mwili wote umekuwa kioo isipokuwa ini na macho. Ini halifichiki, kwa hiyo amelifanya jembamba kama uzi, na hata akigeuka vipi ini husimama wima, ili anayetazama kutoka chini aone nukta tu. Macho nayo ni makubwa na hayawezi kuwa kioo, kwani jicho lisilozuia mwanga halioni. Basi amewasha vitaa chini ya macho, vifute kivuli chake. Kisha tukafika mahali ambapo chombo cha wapiga picha kinamsogelea, naye anaogopa. Anavuta kichwa ndani ya mwili. Anavuta mikono ndani. Anakuwa mpira.

"Ngisi wengine," nikasema, "wakiogopa humwaga wino nje ili adui asione. Huyu anaumwaga wino ndani yake mwenyewe. Anakuwa mweusi, anakaa. Na wataalamu wenyewe hawana hakika inamsaidia nini."

Watu wakangoja huyo mnyama aelezewe vizuri zaidi. Akoth akachukua maikrofoni mkononi mwangu.

"Ameingia kwa nyumba yake," akasema, "amefunga mlango, halafu amejizimia taa. Jameni, huyu mimi namjua. Huyu ni Owino."

Mabati yalitikisika kwa vicheko. Kwetu Owino ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzungukia shingoni. Mamboleo, kuanzia alasiri ile, Owino akawa mwenye wino. Wiki iliyofuata Mzee Ojwang' alifuta ubao akaandika OWINO WA BAHARINI. Watoto wa mtaani waliponiona wakaingiza vichwa ndani ya fulana. Nami, kusema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimemaliza shule bila kuwa maarufu hata darasani, na sasa nilikuwa mnyama.

Hapo ndipo penyewe. Kuanzia siku ile kulikuwa na Owino wawili, mmoja kwenye televisheni na mmoja kwenye benchi, na kila Akoth alipoita jina hilo kwenye maikrofoni, mimi nilielewa anamwita yule wa kwenye televisheni.

Kati ya onyesho la mchana na la alasiri tulikula nyuma, kwenye kijumba cha mabati alichokiita Mzee Ojwang' jikoni. Mzee alipika mwenyewe, hakumwamini mtu na ugali. Omena aliwakaanga wakavu kwanza, akawamwagia nyanya na kitunguu cha Njoroge, na tukala kwa sahani moja tumechuchumaa, ukuta mmoja ukituletea kelele za waliokuwa wakigombea mabenchi. Ilikuwa miezi ya mvua fupi, nakumbuka, kwa sababu ilibidi tuinue sauti. Akoth alisema, bila kuacha kula, kwamba mama yake mdogo alikuwa amepata mgeni.

"Mgeni gani?" akauliza Mzee.

"Mtu wa Usenge. Ananunua samaki kwa wavuvi analeta mjini. Anaitwa Ouma. Hajaoa."

"Ako na gari?"

"Ako na pikapu."

"Pikapu ni kitu," akasema Mzee, akamega ugali, akanitazama mimi.

Nilijua ni zamu yangu kusema neno. Nilikuwa mtu wa mizaha, nililipwa kwa mizaha, na mzaha ndio uliokuja. Nikasema, "Hutakosa omena."

Akoth alitafuna polepole. "Mama mdogo anataka jibu kabla ya Krismasi," akasema.

"Jibu la nani?"

"Langu, Owino. Si la serikali."

Nikasema alaa, nikajiongezea mboga. Mzee Ojwang' akainuka, akasema anakwenda kuangalia jenereta, ingawa stima, yaani umeme, ilikuwepo na jenereta lilikuwa limezimwa. Tulibaki wawili, mvua ikipiga mabati. Nadhani Akoth alinipa nafasi ile yote, kuanzia Mzee alipotoka hadi watu walipoanza kupiga makofi ndani wakitaka filamu. Mimi niliijaza kwa kumweleza jinsi ya kubana omena kichwa ili uchungu usibaki. Nikiikumbuka sasa, nikiwa nimeinamia redio ya mtu dirishani kwangu, huwa naacha kwanza kulehemu, maana mkono unaweza kuteleza. Msichana ananiambia kuna mtu anataka kumchukua, na anauliza kwa njia zote ambazo msichana wa heshima anaweza kuuliza, na mimi namfundisha kula omena, yeye aliyelelewa na mwuza omena.

Baada ya hapo filamu ilianza kubadilika. Mwishoni mwake palikuwa na sehemu fupi ambayo awali tuliipita haraka. Yule Mzungu alieleza kwamba katika jamaa za ngisi huyu wako majike ambao wakikomaa huota taa kwenye ncha za mikono, na huko gizani, mahali ambapo wawili hukutana kwa nadra mno, inadhaniwa ndivyo jike anavyomwita dume. Nilisema hayo, nikamsogezea Akoth maikrofoni ili atie sauti ya jike, kama tulivyozoea.

"Owino," akasema. Si kwa sauti ya vichekesho. "Niko hapa na taa. Nimeinua mikono mpaka imechoka. Kuna mtu wa pikapu amepita, anauliza hii taa imewashiwa nani. Nimwambie aje?"

Nyuma yetu ubao mmoja ulilia. Mimi nilivutiwa sana. Niliwaza, huyu msichana ana kipaji, amechukua habari za nyumbani kwao akazitia baharini. Nikainama kwenye maikrofoni na sauti yangu nzito ya ngisi dume nikasema, "Mwambie azime haraka, stima iko karibu kupotea."

Hawakucheka. Ukumbi mzima uliguna, kama watu walioona penalti ikipaa juu ya mwamba.

"Wewe kijana," akasema Njoroge. "Jibu vizuri."

"Nimejibu, Mzee."

"Umejibu kama ngisi. Jibu kama mtu."

Nilimhurumia Njoroge. Alikuwa na tabia ya kuchanganya filamu na mambo ya kweli. Aliwahi kumkataza binti wa kwenye filamu asipande lifti. Nikabonyeza rimoti, tukaendelea.

Wiki baada ya wiki ukumbi ulijaa. Watu waliosema hawapendi video walikuja. Wanawake wa sokoni walikuja na watoto mgongoni, na madereva waliegesha malori kando wakaja kusimama ukutani. Kila Jumapili Akoth aliongeza kidogo. "Owino, betri haikai milele." "Owino, nakuona mpaka ini, nashindwa kuona macho tu." "Owino, ukiwa unaogopa, sema unaogopa, hiyo nayo ni jibu." Na kila mara mimi nilijibu kuhusu stima, au kuhusu amonia, au nilikoroma. Nilidhani wanakuja kwa ajili ya kukoroma kwangu. Nilianza kukohoa kabla ya kuzungumza, kama mbunge. Siku moja kina mama wawili walizungumza karibu na ukuta wa chumba changu, upande wa nje, mimi nimelala ndani.

"Ni kiziwi?" akauliza mmoja.

"Si kiziwi. Ni mvivu."

"Mvivu wa masikio?"

"Wa kila kitu. Yule hata mapenzi akiletewa kwa sahani atauliza nani atakuja kuchukua sahani."

Nilicheka peke yangu kitandani, nikamhurumia huyo mwanamume, yeyote yule.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi tulionyesha filamu ile kwa mara nyingine. Palikuwa na mahali pa kueleza kwamba ngisi hawa wakiwa wachanga huishi juu, kwenye mwanga, na kadiri wanavyokomaa ndivyo wanavyoshuka, mpaka vilindini kabisa. Nilieleza, nikanyamaza ili picha ipite. Akoth akachukua maikrofoni ingawa haikuwa zamu yake.

"Mimi nimekomaa," akasema. "Nashuka."

Aliiweka ile maikrofoni mapajani mwangu, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Nilisikia watu wakimpisha. Nikasema, "Huyo amekatika mtandao, tunaomba radhi." Nakumbuka nilivyongoja kicheko. Nakumbuka ngisi akizunguka kwenye televisheni na ini lake limesimama wima. Kicheko hakikuja, na mimi nikaimaliza filamu.

Niliifanya peke yangu wiki zilizofuata, nikitia sauti ya jike kwa kubana koo. Mabenchi yakawa wazi. Mwezi wa kwanza Mzee Ojwang' alikuja akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoa ile diski, akaitazama pande zote mbili.

"Hii tuachane nayo," akasema.

"Watu wamechoka na ngisi?"

"Owino. Watu wanaamka na ziwa, wanalala na ziwa. Wewe unafikiri walikuwa wanakuja kukaa kwa mabati wakiona samaki ya watu wengine?"

"Sasa walikuja kuona nini?"

"Walikuja kuona kama utajibu."

Alinieleza basi, taratibu, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Nilimsikiliza nikitazama ukuta wa plaiwudi. Ukumbi mzima ulikuwa ukijua. Njoroge alijua, madereva wa malori wanaopita tu walijua, na ile sauti nyepesi ya mizaha aliyoanza nayo Akoth kila mara haikuwa imewadanganya hata kidogo. Ini lake lilikuwa wazi mbele ya watu wote. Aliyekaa naye karibu kuliko wote ndiye pekee aliyehitaji kuelezwa. Nikamwuliza Mzee kama ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa kwao Akoth. Akasema walishapelekwa. Akasema pia Usenge si mbali, lakini alilisema kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha chakula mtu ambaye unajua ameshiba.

Sikwenda. Nimeipima ile barabara kichwani mara nyingi kuliko madereva wanaoipita. Baadaye nilijiambia maneno mengi ya kujifariji: kwamba sikuwa na kitu, kwamba pikapu ni pikapu, kwamba kichwani sikuwa nimekua. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna hata moja aliloniuliza Akoth. Aliniuliza jambo dogo, niseme ninaogopa au siogopi, niseme nataka au sitaki, na yote mawili angeyapokea.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapitia chini ya hema kule Usenge, Mzee Ojwang' ameshafunikwa udongo, watu wanakula. Mwanamume mmoja mfupi, mnene, mwenye kofia ya manyoya kichwani licha ya joto, alivuta kiti akakaa kando yangu na sahani ya wali na mbuta, samaki mkubwa wa ziwani. Alinitazama nikila wali kwa kijiko.

"Wewe ndiye Owino wa video," akasema.

"Ndiye, Mzee."

"Mimi ni Ouma. Baba Achieng'." Tukashikana mikono, yake ikiwa na mafuta ya samaki, akaomba radhi. "Ulikuwa na sauti nzuri. Ile ya chifu, nilicheka sana."

"Ulikuwa unakuja?"

"Kila Jumapili. Nikishusha samaki mjini, nikirudi napitia Mamboleo. Nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango." Alichambua mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani. "Akoth ndiye alinituma. Nilimwambia nataka kuja kwao, akaniambia, nenda kwanza kwa Ojwang', usikie. Ukishasikia uamue kama bado unataka."

Sikujua niitazame sahani yake au yangu.

"Nikasikia," akasema. "Nikajua hiyo taa si yangu. Nikasema, sawa, kijana akijibu, narudi zangu Usenge, hakuna ubaya. Nikaja tena. Nikaja tena. Watu wanakuambia jibu, omera, ndugu yetu, wewe unaleta mambo ya stima."

"Sikujua, Bwana Ouma."

"Hata mimi niliona hujui. Siku moja niliinuka nikuambie. Niliinuka kabisa, ule ubao ukamwangusha mzee wa watu." Alitabasamu kidogo. "Halafu nikamwona Akoth vile amekaa pale mbele, mgongo umenyooka, anangoja. Nikakaa chini tena. Sikutaka wewe ujue."

Alisema hivyo bila kujisifu wala kuomba msamaha. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, alikuwa na wali kwenye kidevu. Nikajitia mizaha, kwa kuwa sina kingine. Nikamwuliza, na kama ningejibu wiki moja baadaye, hangeweza kungoja kidogo zaidi?

Alilifikiria swali lile kwa dhati, kama lina jibu.

"Mimi nanunua samaki, ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa na barafu kiasi, na barafu huyeyuka."

Kutoka upande wa jikoni, katikati ya moshi na masufuria, Akoth akaita, "Baba Achieng'." Hakupaza sauti. Bwana Ouma aliitika mdomo umejaa, jina halijaisha, akanikabidhi sahani yake, akainuka, akaenda.